Maswali na majibu: Mafunzo na fedha kwa watafiti wa tiba

Maswali ya safari hii yametoka Tanga na jirani zake, na karibu yote yanahusu jambo moja: mtu ana wazo la utafiti hospitalini, lakini hajui mafunzo ayapate wapi wala fedha aziombeje. Mengine tumeyafupisha.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni daktari mwenye shahada ya kwanza, nimemaliza intaniship miaka miwili iliyopita, niko wodi ya watoto. Nataka kuingia kwenye utafiti wa tiba, ila kila tangazo la ufadhili ninalofungua linataka Uzamivu au machapisho. Anayeanza anaanzia wapi?
*Daktari, Chumbageni, Tanga*

Daktari, hujasoma vibaya. Fedha nyingi zinazotangazwa kwa "watafiti chipukizi" zinamkusudia mtu aliyekwisha kuvuka Uzamivu. Mfano ni Early-Career Award ya Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza: inalipa mshahara pamoja na gharama za utafiti hadi pauni 400,000, kwa kawaida kwa miaka 5, lakini mwombaji awe na Uzamivu au uzoefu wa utafiti unaolingana nao. Chipukizi wao si chipukizi wetu. Ukiandika ombi hilo leo utakuwa umepoteza miezi mitatu ya jioni zako.

Kwa sasa fanya yale yasiyodai fedha. Chukua mafunzo ya GCP, yaani kanuni za kuendesha utafiti wa tiba kwa binadamu. The Global Health Network inayatoa bure mtandaoni, unayamaliza kwa saa chache na cheti unakipata hapohapo. Angalia kozi unayochukua imefuata toleo gani, kwa sababu mwongozo mpya, E6(R3), ulipitishwa Januari 2025, na wasimamizi wengi wa tafiti hutaka cheti kirudiwe kila baada ya miaka 2 au 3. Fungua pia namba ya ORCID, ambayo humtambulisha mtafiti na machapisho yake. Ina tarakimu 16, ni bure, na itakuokoa siku utakapogundua kuwa madaktari wanne nchini wana majina yako mawili ya mwanzo.

Kubwa kuliko hayo ni kupata nafasi ndani ya utafiti unaoendelea. Mkoa huu si mgeni katika kazi hiyo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo Tanga na kingine Amani, wilayani Muheza. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Tafiti za namna hiyo zinahitaji madaktari wa kupima watoto, kuandika madhara na kupokea simu ya mama saa nane usiku. Ukipata nafasi, omba mambo matatu kabla hujasaini: uandikwe kwenye orodha rasmi ya mgawanyo wa majukumu, upewe sehemu moja ya data uisimamie mwenyewe, na ijulikane mapema ni chapisho lipi litabeba jina lako. Mambo haya yakiachwa kwenye maneno ya mdomo, mkataba ukiisha huondoka na karatasi yoyote ya kumwonyesha mfadhili.

Ukishakuwa na rekodi hiyo, kuna mlango ambao wengi hawaujui. TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ina ufadhili wa kumpeleka mtafiti wa tiba kwa muda usiozidi miezi 12 kwenye kampuni ya dawa au taasisi inayotengeneza dawa na chanjo, ajifunze jaribio linavyopangwa na kuendeshwa kutoka ndani. Haukupi shahada, na lazima urudi kwa mwajiri wako. Kwa hiyo asiye na mwajiri anayefanya utafiti hana pa kushikia.

Ukitaka Uzamili bila kwenda mbali, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha wamekuwa na programu ya pamoja ya utafiti wa afya ya jamii inayofundishwa Bagamoyo. Uzamivu ukifika zamu yake, itazame CARTA. Ni umoja wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza 2008, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ifakara wamo. Ila hupokea wafanyakazi wa taasisi wanachama, si kila aombaye.

Andiko letu limerudishwa bila kusomwa. Barua inasema tu kwamba halikutimiza masharti. Tulilituma siku ya mwisho, saa nne usiku, na siku ilikuwa haijaisha. Kosa liko wapi?
*Mratibu wa utafiti, Raskazoni*

Dada, kosa huenda liko kwenye saa. Fedha za Ulaya, zikiwamo za EDCTP3 (ubia wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba), hufungwa saa 11 jioni ya Brussels. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, hiyo ni saa 12 jioni ya Tanga. Miezi mingine ni saa 1 usiku. Saa nne usiku mlango ulishafungwa kitambo, na kompyuta haina huruma. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ni tofauti: inahesabu saa 11 jioni ya mahali ilipo taasisi inayoomba, yaani saa 11 yetu hii.

Kama saa haikuwa tatizo, tazama usajili wa taasisi. Hapa ndipo maandiko mazuri hufia. Fedha za Marekani haziombwi na mtu, zinaombwa na taasisi. Taasisi iliyo nje ya Marekani huanza kwa kupata namba ya utambulisho ya NCAGE, kisha hujisajili SAM, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, na kupewa namba ya UEI (ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022), halafu hufungua akaunti ya eRA Commons, mfumo wa maombi wa NIH. Jina na anwani vifanane kila mahali, herufi kwa herufi. Ukiandika "P.O. Box" huku na "S.L.P." kule, maombi hukwama na kuanza upya. Tenga wiki nane. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka, na mara nyingi aliyeushika ni mhasibu aliyekwisha kuhamishwa, nenosiri kaondoka nalo. Kwa Ulaya mambo ni mepesi: taasisi inahitaji namba yake ya utambulisho, PIC, yenye tarakimu 9, na huenda chuo chenu kinayo tayari. Ulizeni kabla ya kufungua nyingine, maana taasisi yenye namba mbili huleta mkanganyiko.

Makosa mengine ni ya kusikitisha kwa udogo wake. NIH haitaki herufi chini ya ukubwa wa pointi 11 wala pambizo chini ya nusu inchi. Anayebana maandishi ili yaingie kwenye kurasa alizopewa hujitoa mwenyewe. Barua ya taasisi isainiwe na mwenye mamlaka ya kisheria ya kuingia mikataba kwa niaba yake, na mkuu wa idara kwa kawaida siye.

Jambo moja la wakati huu: Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha utaratibu wa zamani ambapo chuo cha Marekani kilipokea fedha na kuzigawa kwa mshirika wa nje. Mshirika wenu wa kule akisema "tutawawekea fungu lenu", mwombeni awaonyeshe tangazo lenyewe na tarehe yake.

Kuhusu bajeti, mshahara usiuandike kwa kukisia. Mtafiti anayelipwa shilingi 1,800,000 kwa mwezi na kutoa asilimia 40 ya muda wake kwa miezi 24 anagharimu 17,280,000, na hesabu hiyo ionekane kwenye maelezo. Miradi ya Ulaya chini ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, huongeza asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji wa taasisi. Tumeona waombaji wakiiacha kwa unyenyekevu, wakidhani ombi dogo linapendeza zaidi. Halafu mradi unapoanza hakuna fedha ya umeme wala ya mkaguzi.

Nimekokotoa washiriki 246, nikaongeza asilimia 10 kwa watakaopotea, nikapata 271. Msomaji wa andiko kaandika "hesabu haijakaa sawa". Nataka kupima tatizo ambalo nadhani lina asilimia 20 ya watoto wa vijijini.
*Mwanafunzi wa Uzamili, Muheza*

Hiyo 246 ni sahihi: 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, mara 0.2, mara 0.8, gawa kwa 0.05 (kosa unaloruhusu) kipeo cha pili. Kosa dogo liko kwenye nyongeza. Asilimia 10 ya 271 wakipotea unabaki na 244 hivi, pungufu. Unagawa kwa 0.9, hupigi mara 1.1, na jibu ni 274.

Kosa kubwa ni vijiji. Watoto wa kijiji kimoja wanashirikiana mbu, kisima na zahanati, hivyo mtoto wa ishirini hakupi habari mpya kama wa kwanza. Ukichukua watoto 20 kwa kila kijiji na kufanana kwao, kwa kipimo cha 0 hadi 1, kukawa 0.05, unazidisha kwa 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95. Washiriki 246 wanakuwa 480, na ukigawa kwa 0.9 wanafika 534, sawa na vijiji 27. Bajeti ya mafuta ya gari nayo inabadilika. Ni bora kuligundua hili sasa kuliko ukiwa umefika Amani na fedha zimekwisha. Eleza pia ile asilimia 20 umeitoa wapi. Kama ni makisio yako, tumia 50, ambayo inatoa 385 kabla ya kuzidisha.

Mfadhili anataka vibali kabla ya kutoa fedha, na ofisi za vibali zinataka kuona bajeti. Tuanzie wapi? Na je, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inatuhusu?
*Timu ya wauguzi watafiti, Tanga*

Anzeni na kamati ya maadili ya chuo au taasisi yenu, mkiambatisha bajeti ya makadirio. Hakuna anayewazuia kwa sababu fedha hazijaingia. Baada ya hapo ni kamati ya taifa ya maadili iliyo NIMR. TMDA inawahusu iwapo mnajaribu dawa, chanjo au kifaa tiba kwa watu. Kama mnasoma mafaili au kuhoji wagonjwa, haiwahusu. Kibali cha maadili na cha TMDA ni vitu viwili, kimoja hakibebi kingine. Mtafiti mgeni akiwamo, ongezeni kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sampuli zikivuka mpaka, andaeni mapema mkataba wa kuhamisha sampuli, na kwa majina na taarifa za wagonjwa someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ada zote za vibali ziingie kwenye bajeti. Wengi huzisahau.

Kinachorudisha maombi mara nyingi ni fomu ya ridhaa. Huandikwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa usiku mmoja na kutoka na Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote kati ya Pangani na Lushoto. Iandikeni kwa Kiswahili tangu mwanzo, mwingine aitafsiri kwenda Kiingereza, mlinganishe. Msiandike "mtagawanywa kinasibu". Andikeni kwamba mashine itachagua kama mtu arushavyo shilingi, na daktari hawezi kuchagua. Kwenye damu andikeni kiasi: mililita 5, kijiko kimoja cha chai, mara ngapi, itapimwa nini, na inayobaki inakwenda wapi. Pwani hii neno mumiani halijafa, na sentensi moja yenye utata kuhusu damu inaweza kuwafungia kijiji kizima. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, na shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti anasaini akiwa ameyasikia maelezo yote tangu mwanzo. Shahidi anayeitwa dakika ya mwisho kutoka kwenye foleni hafai, na mkaguzi humjua kwa saa iliyoandikwa kwenye fomu.

Shahada ya Uzamili ya majaribio ya tiba kwa masafa kutoka London inafaa kwa mtumishi wa halmashauri?
*Tabibu, Korogwe*

Inafaa kwa asiyeweza kuacha kazi, na LSHTM, chuo cha London cha afya ya jamii na tiba za kitropiki, kinayo. Kuna pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, ambao huhusu kozi zilizotajwa kwenye tangazo la mwaka husika tu. Kabla ya kulipa chochote, iandikie TCU, tume ya vyuo vikuu, uulize kama shahada hiyo kwa njia hiyo itatambuliwa, na upate jibu la maandishi. Mwambie pia mwajiri, hata kama husafiri: masomo yasiyokuwa na ruhusa kwenye faili lako yanaweza kukukwamisha siku ya kuomba kubadilishiwa muundo wa utumishi.