Vitabu vya Mzazi Kabla ya Vitabu vya Mtoto

Wazazi Wakristo wanaoamua kuwasomesha watoto wao nyumbani huniuliza kwanza wanunue mtaala gani, na wengi hufika wakiwa wameshatenga fedha za vitabu vya kuagizwa kutoka Marekani. Mimi huwaomba wazishike fedha hizo kwa muda na waanze na vitabu vya kujisomea wao wenyewe, kwa sababu amri tunayoitegemea sote katika kazi hii, ile ya Kumbukumbu la Torati 6, ina mpangilio wake: “Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako, nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii.” Moyo wa mzazi umetangulia, ndipo mtoto akafuata.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ni Biblia, lakini isomwe na baba na mama bila kuwaza somo la kesho. Ninapendekeza hasa Samweli wa Kwanza, sura ya 1 hadi ya 8. Humo mna kuhani Eli, ambaye wanawe waliidharau sadaka ya Bwana naye asiwazuie. Chini ya uangalizi wake huyo huyo akakulia Samweli, aliyeombwa na mama yake kwa machozi. Kisha Samweli naye, nabii mwaminifu, akapata wana waliopokea rushwa na kupotosha hukumu. Mzazi aliyezitafakari sura hizo hataamini kirahisi kwamba utaratibu fulani wa masomo, hata uwe mzuri namna gani, unamhakikishia mtoto mcha Mungu, wala hatakuwa mwepesi wa kuwahukumu majirani ambao wana wao wamepotoka.

Baada ya hapo nashauri Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, kijitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu cha mwanamatengenezo wa Kanisa Martin Luther, hata kwa wasio Walutheri. Luther aliiandika baada ya kuyakagua makanisa ya Saksonia, Ujerumani, na kuhuzunishwa na jinsi watu wa kawaida, hasa wa vijijini, walivyokuwa hawajui misingi ya imani. Aliikusudia kwa mkuu wa nyumba, ili awafundishe watu wake kwa urahisi Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana. Faida yake kubwa ni ufupi: humzoeza mzazi kujibu swali la mtoto kwa sentensi mbili tatu zilizo wazi badala ya kumhubiria.

Someni pia barua ya Susanna Wesley ya mwaka 1732 kuhusu alivyowalea watoto wake. Mama huyu alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafa wangali wachanga, na waliosalia akawafundisha mwenyewe nyumbani kwao Epworth, Uingereza. Mtoto hakufundishwa kusoma hadi atimize miaka mitano. Akishajua herufi, alianza moja kwa moja na sura ya kwanza ya Mwanzo. Kinachonigusa zaidi ni desturi yake nyingine, ya kutenga jioni ya kuzungumza na mtoto mmoja peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, ambaye baadaye alianzisha Umethodisti. Hilo liigeni. Sikubaliani naye, hata hivyo, anapotaka mtoto wa mwaka mmoja afundishwe kuiogopa fimbo. Isomeni sehemu hiyo huku mmefungua Wakolosai 3:21, ambapo Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa.

Kama ningeruhusiwa kuchagua kitabu kimoja tu nje ya Biblia, ningechagua Home Education (Elimu ya Nyumbani) cha mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, kilichotoka mwaka 1886. Mason anasisitiza kwamba mtoto ni mtu kamili tangu kuzaliwa, na mashauri yake yote yanatoka hapo: masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, yasizidi dakika 20, wapewe saa nyingi za kukaa nje, na kisa kizuri kisomwe mara moja tu, kisha mtoto akisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Kusimulia huko nimekutumia na visa vya Mwanzo. Baada ya kusoma sura ya 37, ya Yusufu kutupwa shimoni na ndugu zake, mtoto wa miaka saba aliipita kanzu ya Yusufu haraka, akakawia pale ndugu zake walipoketi kula: “Walikula, na yeye yuko shimoni anawasikia.” Hakuna zoezi la kujaza nafasi ambalo lingemuuliza habari za chakula kile, na mimi mwenyewe sikuwa nimepanga kukigusa. Tukazungumza asubuhi yote juu ya moyo unaoweza kula huku nduguyo analia.

Ni kweli kwamba Mason aliwaandikia akina mama wa Uingereza waliokuwa na watumishi wa nyumbani, na ndege na maua yake ni ya huko. Badilisheni bila woga: chozi anayefyonza ua la mgomba anatosha kwa somo la juma zima. Kiingereza chake ni kizito, lakini kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti. Mmoja wenu asome kurasa chache kila jioni na kumsimulia mwenzake kwa Kiswahili, na mtaonja wenyewe kazi mnayotaka kumpa mtoto.

Kwa mlio Kenya, usomaji wenu haujakamilika bila Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria taasisi ya elimu. Isomeni sheria yenyewe, tena mpate ushauri wa wakili kabla ya kumtoa mtoto shuleni, badala ya kutegemea mnayoambiwa kwenye makundi ya WhatsApp. Pakueni pia miundo ya mtaala ya kila gredi inayotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Hata mkichagua njia nyingine, mtajua wenzake wa umri wake wanajifunza nini, na siku atakapohitaji kurudi darasani atapata pa kuanzia.