Uliza Mwalimu: Enoch Powell alikuwa adui yetu au mtetezi wetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Arusha. Kwenye mdahalo wa klabu yetu ya historia, mwenzangu alisema Enoch Powell, mbunge wa chama cha Conservative cha Uingereza, aliwachukia watu weusi kuliko mwanasiasa yeyote wa kwao. Nikasimama nikasema huyohuyo ndiye aliyewatetea Waafrika waliouawa Hola. Ukumbi ukachafuka, mdahalo ukafungwa. Nani alikuwa sahihi?
Msomaji, Ngarenaro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na Hola, maana wengi wanaomzungumzia Powell hawafiki huko.

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, karibu na mto Tana, askari waliwapiga virungu wafungwa wa Mau Mau waliokataa kazi ya kulazimishwa. Wakafa watu 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Maji! Kwetu huku Moshi mambo hayo hayakuwa ya mbali. Wakikuyu waliokuwa wakiishi Jimbo la Kaskazini walikamatwa wakati wa hali ya hatari, wengine wakarudishwa Kenya. Marehemu mama yangu hakuacha kumtaja jirani yake aliyechukuliwa alfajiri, sufuria ya uji ikabaki mekoni.

Usiku wa kuamkia Julai 28 mwaka huohuo, Bunge la Uingereza lilijadili Hola. Powell alisimama yapata saa saba na robo usiku. Serikali iliyokuwa ikilaumiwa ilikuwa ya chama chake, na hakuna ambaye angemuuliza kama angenyamaza. Alishika nyaraka za serikali yenyewe, akafuata hatua kwa hatua nani alipanga na nani aliidhinisha, akaonyesha kwamba lawama haikustahili kuishia kwa maofisa wa chini. Walikuwepo waliowasema marehemu kana kwamba hawakuwa watu kamili. Aliwajibu kwamba hiyo ni imani ya kutisha, itakayowarudia wenyewe. Kisha akasema hatuwezi kuwa na viwango vya Afrika huko Afrika, viwango vya Asia huko Asia, na labda viwango vya Uingereza hapa nyumbani. Mimi huisoma hotuba hiyo kwa heshima mpaka leo.

Alikuwa mtu wa akili nyingi mno. Alizaliwa Birmingham mwaka 1912, wazazi wote wawili walimu. Akiwa na miaka 25 tu aliteuliwa profesa wa Kigiriki Chuo Kikuu cha Sydney. Vita vilipoanza mwaka 1939 alijiunga na jeshi kama askari wa kawaida, akatoka brigedia. Aliingia Bungeni mwaka 1950 kwa jimbo la Wolverhampton, na kuanzia 1960 hadi 1963 alikuwa Waziri wa Afya. Hospitali zilizokuwa chini ya wizara yake zilihudumiwa na wauguzi wengi kutoka visiwa vya Karibea.

Sasa mwaka 1968. Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wakikimbilia huko, na mwezi Machi serikali ya chama cha Labour, wapinzani wa Conservative, ikapitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia. Aprili 20, mjini Birmingham, Powell aliupinga muswada ambao ungekataza kumnyima mtu nyumba au kazi kwa sababu ya rangi. Akionya kuhusu wahamiaji, alisema anaona mbele mto Tiber, mto wa Roma, ukitoka povu la damu, maneno aliyoyatoa kwa mshairi wa kale wa Kirumi, Virgil. Kesho yake Edward Heath, kiongozi wa chama, akamwondoa kwenye baraza kivuli la mawaziri, yaani kundi la viongozi wa upinzani Bungeni. Siku chache baadaye wafanyakazi wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono.

Hapa ndipo ningetaka mdahalo wenu ukae. Hola alisimama juu ya nyaraka ambazo kila mbunge angeweza kuzifungua na kumpinga. Birmingham alisimama juu ya nini? Juu ya mpigakura asiyetajwa jina, aliyemwambia kwamba baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi ndiye atakayeshika kiboko juu ya mzungu. Na juu ya barua kuhusu bibi kizee anayetupiwa kinyesi kupitia tundu la barua mlangoni. Waandishi wa habari wa wakati ule walimtafuta bibi huyo wasimpate. Profesa aliyepima kila neno la Kigiriki alichukua maneno ya mtaani, akayatangaza, na waliolipa gharama ni wenye maduka, madereva wa mabasi na wauguzi waliotukanwa njiani. Nilisoma na kijana wa Kihindi hapa Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Familia yao ilihamia Uingereza miaka hiyohiyo. Sikubali kabisa hoja ya wanaosema kwamba Hola inamsafisha Powell. Wala sikubali hotuba ya Hola ifichwe, kwa sababu wale 11 walistahili kusemewa na mtu, na yeye aliwasemea.

Hotuba ya Hola imo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge la Uingereza, tarehe 27 Julai 1959. Isomeni yote, mrudi ukumbini.

SWALI: Mwalimu, je, Powell alifukuzwa chama baada ya hotuba ile ya 1968?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Alipoteza wadhifa tu, akaendelea kuwa mbunge wa Wolverhampton hadi Februari 1974. Aliondoka kwa kupinga Uingereza kuingia Jumuiya ya Ulaya, akawahimiza wananchi wakipigie Labour kura. Oktoba mwaka huohuo alichaguliwa jimbo la South Down, Ireland ya Kaskazini, kwa chama cha Ulster Unionist, akalishika hadi aliposhindwa mwaka 1987. Alifariki London, Februari 8, 1998.