Mdogo Wangu, Hilo Ombi la Likizo Liandike

Mdogo wangu mmoja, msimamizi wa duka la jumla Kariakoo, aliniandikia wiki iliyopita. Anaingia mwaka wa tatu bila likizo, na kila akimfuata bosi anaambiwa asubiri msimu upite. Ananiuliza, dada, wewe uliwezaje? Nilimjibu kwa simu, ila najua wengi mmebanwa hapohapo: kazi mnaitaka, kupanda mnataka, na hamtaki kuonekana wavivu. Basi nieleze.

Ninasimamia kaunta ya tiketi ya kampuni moja ya mabasi, Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Anayeijua Desemba ya pale haelezwi. Wachaga wote wanarudi nyumbani, mama ana mtoto mgongoni na mabegi matatu, anataka siti ya kesho, na ya kesho imeshajaa zamani. Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, abiria walifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yao, lakini kaunta yetu ikakosa saa ya kufunga. Mimi mwenyewe ni mtu wa Rombo. Niliwakatia tiketi majirani zetu wa kijijini, nikawapa salamu za mama, nikabaki. Pasaka hivyohivyo. Shule zikifungwa, hivyohivyo. Kwetu msimu haupiti, unabadilika jina tu.

Ila kilichoniumiza kuliko vyote ni msiba wa bibi, aliyenilea. Niliambiwa nikishazika nirudi na gari la usiku uleule kwa sababu mwisho wa wiki kuna abiria. Nikazika, nikarudi. Sikukaa hata na shangazi zangu tukalia pamoja. Linaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha.

Baadaye niliitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nikawa naisoma usiku kaunta ikipoa. Humo nikakuta kwamba anayefiwa na bibi au babu, mzazi, mwenzi wake wa ndoa, mtoto au ndugu wa tumbo moja anastahili siku nne zenye malipo. Nilifunga simu, nikakaa kimya muda mrefu. Nikaendelea kusoma. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na mshahara unaingia kama kawaida. Mwajiri anayo haki ya kupanga uende lini, lakini hawezi kuisogeza mbele kila mwaka: isipite miezi sita tangu mzunguko uishe, au miezi 12 ikiwa wewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo. Kumbe "subiri msimu upite" ina mwisho wake kisheria!

Ndipo nikaanza kuandika. Sikugombana na mtu. Nilichagua mwishoni mwa Februari, wakati safari zimepungua, nikamfundisha mwenzangu kufunga hesabu za usiku mpaka akaziweza peke yake, nikapeleka barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Haikujibiwa. Nikaandika tena. Bosi akaniita, akasema hapa hatufanyi kazi kwa barua. Nikamwitikia kwa heshima, nikaandika nyingine. Mwaka huu ametia saini, na nimekaa Rombo siku zangu zote 28, nikaenda kaburini kwa bibi bila mtu kunipigia simu ya siti. Najivunia jambo hili kuliko cheo nilichopewa.

Sasa sikilizeni. Wakati unasubiri, ilinde siku yako ya mapumziko ya wiki. Sheria inasema saa 24 mfululizo, na si saa 24 za kujibu ujumbe wa ofisini. Mimi siku hiyo simu ya kazi huizima, nikaenda ibadani, nikalala mchana. Walinuna mwanzoni, wakazoea. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Wewe ni nani hata ujione kaunta itaanguka usipokuwepo? Mwili ukichoka kupita kiasi hauombi ruhusa kwa meneja, unakulaza hospitali, na siti yako ataikalia mwingine kabla ya Ijumaa.

Na kuandika, narudia, andika. Neno la mdomo linaruka, barua yenye muhuri inakaa. Ukinyimwa kabisa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usichelewe kwenda, kwa kuwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupokelewa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Huko utaulizwa ushahidi.

Yule mdogo wangu wa Kariakoo amenitumia rasimu yake jana. Ameomba radhi mara mbili na hajataja tarehe hata moja. Nimemwambia afute radhi zote, aweke tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na amtaje atakayeshika duka.