Sonara anayehamia kwenye udongo: yajue haya kabla ya kuwasha tanuri

Sonara wa Mwanza anayeingia kwenye sanamu za udongo haanzi sifuri: mkono umetulia, nakshi anaijua, na rangi ya moto anaisoma. Kinachomponza ni mazoea. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, na kazi ikiharibika unairudisha motoni. Udongo ni kinyume chake. Kabla ya kuchomwa, kosa lolote linarudi kwenye ndoo ya maji. Ukishapita nyuzi 600 hivi, haurudi tena kuwa tope.

Anza na udongo wenyewe. Ule mweusi wa mbuga usiutumie peke yake, kwa sababu hunywa maji mengi, husinyaa sana na kupasuka ukikauka. Loweka udongo wako, uchuje kwa chandarua kikuukuu, uache utuame, kisha uumwage juu ya shuka upungue maji. Uliochimbwa karibu na ufukwe wa ziwa uchunguze zaidi, maana mara nyingi una vipande vya makoa ya konokono. Vikipita kama nyuzi 850 hugeuka chokaa yenye kiu ya maji: baada ya siku kadhaa hunyonya unyevu wa hewa, hufura na kubandua uso wa sanamu iliyokwisha kuuzwa. Dondosha siki au tindikali iliyozimuliwa kwenye bonge kavu. Likitoa povu, tafuta udongo mwingine.

Changanya vigae vilivyotwangwa, sehemu moja kwa nne au tano za udongo. Finyanga kipande cha majaribio, chora mstari wa sentimita 10, uupime kikishakauka na kikishachomwa. Ukibaki sentimita 9, sanamu ya sentimita 30 ifinyange ikiwa na 33.

Waya usiuache ndani. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, hivyo mkono hupasuka begani. Shikiza kwa kijiti nje, au jaza gazeti lililokunjwa, litaungua lenyewe. Lehemu pia haipo. Chanjachanja pande zote mbili, paka uji wa udongo uleule, kandamiza, na hakikisha unyevu wa pande hizo unalingana.

Umbo kwanza, nakshi baadaye. Ukianza na kope kabla fuvu halijakaa sawa, utazionea huruma kope na kubaki na kichwa kilichopinda. Subiri udongo ukakamae kiasi cha kucha kuacha alama bila kuzama, ndipo utoe patasi zako ndogo. Sanaa hii si ngeni kwenye ziwa letu: kichwa cha udongo kilichopatikana Luzira, Uganda, mwaka 1929 sasa kiko British Museum, na inafaa kutazama picha zake kabla hujashika kisu.

Kata kichwa kwa waya, komba ndani hadi ukuta ubaki sentimita 1 hadi 2, unganisha tena na utoboe tundu mahali pasipoonekana. Wengi husema hewa ndiyo hulipua sanamu. Mara nyingi ni maji yaliyobaki kwenye ukuta mnene, yakigeuka mvuke.

Upepo wa mchana kutoka ziwani hukausha upande mmoja tu. Funika kwa nailoni iliyolegea, geuza kila siku, kwa wiki 2 au 3, masika, zaidi. Gusisha shavuni: ukisikia ubaridi, bado ina maji.

Kwenye kuchoma, sahau kabisa kasi ya tochi ya gesi. Saa kadhaa za mwanzo moto uwe mdogo, chini ya nyuzi 100, hadi kioo ulichoshika juu ya tundu la tanuri kisipate ukungu. Pandisha polepole hadi 600, kisha ongeza kuni. Pumba za mpunga ni nzuri kwa sababu huungua taratibu. Hapo jicho la sonara lina thamani: wekundu hafifu ni karibu nyuzi 700, mwekundu wa kung'aa karibu 850. Tazama kivulini, kwani jua hudanganya rangi.

Kushuka nako ni kazi. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafla kwenye nyuzi 573, kupanda na kushuka, na upepo ukiingia wakati huo utasikia mlio wa ufa. Ziba matundu, usifungue hadi kesho yake, mkono wako utakapoweza kukaa kwenye ukuta wa tanuri.