Risiti mbili, namba moja

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Moshi, nimeandika kamfumo kwa lugha ya Python ka kupokea kahawa kwenye chama chetu cha msingi. Makarani wako wawili, kila mmoja na laptopu yake, risiti zote zinaingia kwenye folda moja ya pamoja iliyoko kwenye kompyuta ya ofisini. Programu inatafuta namba inayofuata, inacheki kama faili la namba hiyo lipo, kama halipo inaliandika na kuprinti karatasi ya mkulima. Kuna na faili lingine la jumla ya kilo za siku. Sasa juzi kaja bibi kutoka Kibosho ana karatasi namba 0417 ya kilo 46, kuangalia kwenye kompyuta 0417 ni ya mzee mwingine kabisa, kilo 71, na za bibi hazipo popote. Watu wameanza kusema tunaiba. Nyumbani nimejaribu zaidi ya mara mia haijatokea hata mara moja. Nikaongeza kifaili cha kufuli, programu inaangalia kwanza kama kufuli lipo, kama halipo inaliweka ndo inaendelea, lakini jana namba imejirudia tena. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole sana, maana hapo ni jasho la mtu limepotea, na asante kwa kueleza vizuri mpaka namba, imenisaidia kuliona tatizo kutoka huku Arusha nilipo.

Rudi pale mzanini. Laptopu ya kwanza inauliza, 0417 ipo? Inajibiwa haipo. Kabla haijaandika chochote laptopu ya pili nayo inauliza, 0417 ipo? Haipo, maana kweli bado haipo. Ya kwanza inaandika kilo 46 za bibi, ya pili inaandika kilo 71 za mzee juu yake, na kama unafungua faili kwa "w", yaani hali ya kuandika, Python inafuta kilichokuwemo bila kukuuliza. Karatasi zote mbili zimetoka safi, kwenye skrini hakuna kosa lolote. Lile jibu la "haipo" lilikuwa kweli lilipotolewa, ila lilishachacha kabla hujalitumia.

Na kufuli lako lina ugonjwa uleule, unaangalia kama lipo afu ndo unaliweka, kwa hiyo wote wawili wanaweza kukuta mlango wazi na wote wakaingia. Umehamisha tu mwanya kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Nyumbani haitokei kwa sababu uko peke yako na ule mwanya ni mdogo mno. Ukitaka kuuona kwa macho yako weka time.sleep, amri ya kusubiri, ya sekunde 5 katikati ya kucheki na kuandika, fungua programu kwenye madirisha mawili, ingiza kahawa kwa mmoja na hapohapo kwa mwingine. Itatokea kila ukijaribu. Usiitoe hiyo mpaka umalize matengenezo, ndo kipimo chako.

Dawa sasa: acha kuuliza. Fungua faili kwa "x" badala ya "w". Hiyo ipo tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, na maana yake ni unda faili hili, kama lipo kataa, vyote kwa tendo moja ambalo mfumo wa uendeshaji hauruhusu mtu kupenya katikati. Wakigongana mmoja anapata namba, mwingine anapata FileExistsError, yaani faili lipo tayari, na hilo kosa ndo jibu lako la uhakika, unalidaka, unaongeza moja, unajaribu 0418. Karatasi iprintiwe baada ya hapo tu, kabla ya hapo namba sio yako.

Kwa folda ya pamoja ya Windows hii inafanya kazi, kwa sababu kompyuta ya ofisini ndo inayoamua. Ila kama hiyo "folda ya pamoja" ni Google Drive au Dropbox inayojisinki, nakuomba uitoe leo, maana kule kila laptopu ina nakala yake, kila moja itafanikiwa kuunda 0417 yake na ugomvi utakuja baadae zikikutana.

Kuna kitu hujauliza lakini umeme utakuuliza. Ukikatika katikati ya kuandika unabaki na nusu risiti. Kwa hiyo ukishapata namba kwa "x", andika kilo na jina kwenye faili la muda lenye jina tofauti kwa kila laptopu, ndani ya folda ileile, lisukume mpaka kwenye diski kwa flush na os.fsync, halafu os.replace ilipeleke juu ya lile la namba. Anayesoma ataona tupu au kamili, haoni nusu. Nasema folda ileile kwa sababu ukitoka diski moja kwenda nyingine os.replace itakugomea. Kwenye Windows inaweza pia kugoma kama mtu kalifungua lile faili, subiri kidogo urudie. Na faili tupu likibaki usilifute wala usiitumie tena ile namba, iandikie imebatilishwa, namba iliyorukwa inaelezeka kwa mkaguzi.

Faili la jumla, kwa maoni yangu litupe kabisa. "x" hailiponyi, kwa sababu pale wote wanasoma 900, mmoja anaongeza 46 anaandika 946, mwingine anaongeza 71 kwenye ileile 900 anaandika 971, na kilo 46 zimekwenda tena. Jumla ipige kutoka kwenye risiti zenyewe kila inapohitajika, risiti za siku moja kompyuta haitazihisi. Msimu ukikua hamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, lakini faili lake likae kwenye kompyuta ya ofisini na programu moja tu ya hapohapo iliguse, laptopu zitume maombi kwake. Usilifungue kupitia netiweki, kufuli zake kule haziaminiki na wenye SQLite wenyewe wanaonya.

Zile zilizokwishapotea programu haiwezi kuzirudisha, ila karatasi zipo mikononi mwa watu. Waombe viongozi watangaze kila mkulima alete risiti zake tangu mlipoanza kutumia mfumo, mlinganishe moja moja na kompyuta, namba, jina, kilo. Ya bibi wa Kibosho iingize leo kwa namba mpya, na kwenye karatasi yake ya 0417 muandike hiyo namba mpya, karani asaini mbele yake.