Tazama matundu kabla ya wino

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kuandika mabango hapa Lamu, nahodha mmoja alitaka jina la boti yake, NEEMA, liandikwe kwa herufi nene "zenye heshima". Nikachagua fonti iitwayo Abril Fatface, maana kwenye kompyuta ilimeremeta kama bibi harusi. Nikakata stika, nikabandika ubavuni kwa mkono wangu, tukaagana tukicheka. Kusi ilipovuma wiki chache, akanirudia. Ile N ilibaki gogo moja la mshazari. E zote mbili zilikuwa nguzo tupu, mikono imekwenda na maji.

Sikujua nilichokuwa nimekichagua. Fonti za namna ile zinatokana na herufi za akina Bodoni, wa Parma kule Italia, ambazo mistari minene na myembamba hupishana sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 watengeneza herufi wa London wakainenepesha ile minene kwa ajili ya mabango, lakini ile myembamba ikabaki unywele. Karatasini ni urembo. Stika iliyokatwa wembamba ule, kwenye chumvi na jua, haina cha kushikilia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kwanza: litasomwa kutoka wapi, na litakaa juu ya nini? Usita wa Mui, njia kuu ya mjini hapa, ni mwembamba. Punda akipita na mzigo unajibana ukutani, na kibao cha duka kiko puani pako. Hapo Abril inapendeza, na kwenye menyu ya hoteli vilevile. Gatini Mokowe, upande wa bara, abiria anatafuta boti yake kutoka mbali, jua linamchoma machoni. Huko nampa Cooper Black.

Hiyo aliichora Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922. Unene wake haupishani sana, na serifu zake, vile vijiguu vya kumalizia ncha za herufi, zimeviringika kama kokoto za ufukweni. Hata O yake imeegemea nyuma kidogo, kama mzee barazani. Ukiipaka kwa brashi, mkono ukitetereka, haikuumbui.

Aibu yake iko kwenye matundu, yaani nafasi tupu ndani ya herufi. Kiswahili chetu kimejaa a, na tundu la a ndogo katika fonti nene ni dogo mno. Andika "mahamri ya nazi" kwa saizi 9 kwenye kadi, wino ukitanuka kidogo tu, umepata uji. Kwenye fulana, kifuani, herufi kubwa, hakuna neno. Namba za simu ndiyo balaa zaidi: 3, 6 na 8 zikiziba zinafanana, mteja anampigia mtu mwingine. Jina la duka liwe nene, namba iwe fonti ya kawaida. Mwenye duka atakwambia ujaze huduma zake zote kwa herufi zilezile. Mkatalie kwa adabu. Mimi kwa herufi nene sivuki maneno matatu.

Na ile ng' yetu! Hao waliochora fonti hawakumfikiria muuza nyama wa mtaa wa Langoni. Kile kialama cha juu katika fonti nene hutuna kama kiluwiluwi, kikaisukuma o mbali, bango likasomeka "Ng ombe". Usiiachie programu. Vuta herufi kwa mkono mpaka neno lishikane.

Kabla hujakata chochote, chapa neno kwenye karatasi, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua thelathini, ufumbe macho nusu. Matundu yakipotea, ongeza saizi au badili fonti.

Yule nahodha nilimfanyia upya bila malipo, Cooper Black, safari hii kwa rangi na brashi. Akaitazama kimya, kisha akasema sasa inasomeka, ila ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Nami nakubaliana naye.