Nifedipini ya mama isisagwe

Dada, umeuliza kama unaweza kumsagia mama nifedipini, dawa yake ya presha, ya miligramu 20 kwenye uji kwa kuwa vidonge vinamkwama kooni. Tafadhali usifanye hivyo.

Soma paketi. Ukiona "retard", SR, XL au LA, kidonge kimeundwa kiachie dawa polepole. Cha retard hutolewa kila baada ya saa 12. Ukikisaga, dozi ya nusu siku huingia kwenye damu kwa mkupuo. Presha hushuka ghafla, moyo hukimbia, na mtu mzima anaweza kuanguka au hata kupata kiharusi. Kisha dawa huisha mapema, presha inapanda tena kabla ya dozi inayofuata. Kama umeshampa iliyosagwa na anasikia kizunguzungu, mlaze, mwinue miguu, mpime presha na umpeleke hospitali.

Mwombe daktari ambadilishie, pengine amlodipini, dawa nyingine ya presha. Hiyo hukaa mwilini muda mrefu yenyewe, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka, kwa hiyo kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa. Kiponde, changanya na maji vijiko viwili vya chai, anywe papo hapo, kisha suuza kikombe anywe na hayo.

Akipewa pia omeprazoli ya kapsuli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ifungue lakini usiponde chembe zake: utando wake ndio unaoikinga na asidi ya tumbo.

Na kama hata maji yanampalia, mwambie daktari wiki hii hii.